Vumbi la Keko na Kidude cha Kulipima

Msomaji mpendwa, siku ukipata nafasi ya kuja Dar es Salaam, usije kutazama bahari tu. Bahari haikimbii. Twende pamoja huku pembeni, Temeke na Kinondoni, mahali wanapotengeneza vitanda tunavyolalia, unga tunaoula na mawe ya kujengea nyumba zetu. Huko nataka nikuonyeshe kitu ambacho kila mtu anakivuta na wachache hukifikiri: vumbi la kazini. Tena nataka nikusimulie habari za kidude kidogo, kinachotosha kiganjani, ambacho siku hizi huuzwa kwa bei nafuu na hudai kwamba kinaweza kulipima vumbi hilo. Swali letu la safari ni moja tu: kidude hicho kisemapo, je, husema kweli?

Tuanze Keko. Tunashuka garini karibu na Chang'ombe, na kabla hujaona ubao hata mmoja utasikia msumeno ukilia. Keko ni mtaa wa maseremala. Kando ya njia vitanda, makabati na makochi yamesimama kama abiria wanaongoja gari. Harufu ya mninga na mkongo imejaa kila mahali. Huyu anapiga randa, yule anasugua kwa msasa, na yule wa tatu anachana mbao kwa mashine. Chini ya miguu yako ni maranda matupu, laini kama zulia.

Ingia nami katika banda moja la mabati. Piga hodi kwanza, maana wenyewe wana kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Angalieni msumari hapo."

Mwenye banda ni fundi wa makamo, mtu wa maneno machache. Sasa tazama juu. Bati lina tundu dogo la msumari, na mwale wa jua umepenya hapo ukashuka hadi sakafuni. Ndani ya mwale huo utaona chembe elfu na elfu zikicheza. Nje ya mwale huoni kitu, nawe ungeweza kuapa kwamba hewa ni safi. Kumbe vumbi limo bandani mote. Ni nuru tu iliyolifichua.

Ukilielewa tundu lile la bati, umekielewa kidude chetu. Ndani yake mna feni ndogo inayovuta hewa, taa ndogo ya leza iliyo mfano wa ule mwale wa jua, na jicho la umeme. Chembe ikipita mbele ya leza, nuru hutawanyika, na jicho huona mmemetuko. Kidude huhesabu mimemetuko hiyo, hukisia ukubwa wa kila chembe, kisha huandika namba: mikrogramu kadha katika meta moja ya ujazo wa hewa. Wataalamu hukiita kihisi. Wengine husema sensa, lakini usiogope, hakiji kuhesabu watu wa nyumba yako.

Angalia vema neno nililolisema: hukisia. Kidude hakipimi uzito wa vumbi. Huona nuru, kisha hubahatisha uzito. Na mwenye kubahatisha hapana budi apimwe naye.

Siku niliyofika bandani pale nilimkuta kijana mmoja mwenye elimu ya mitambo, amekuja na vidude vitatu vya namna hiyo. Alikuwa amekitundika kimoja ukutani, akakisoma, akasema, "Mzee, hapa hewa si mbaya sana." Yule fundi hakujibu. Alipitisha kidole juu ya benchi lake, kikaacha mfereji katika unga wa mbao. Akapiga chafya, akajifuta, ndipo akasema:

"Mwanangu, hicho kidude chako hakipigi chafya."

Watu wote bandani walicheka. Lakini kijana hakukasirika. Alitoa daftari akayaandika maneno yale, maana alijua kwamba mzee amesema jambo.

Tena mzee hakuwa akitania tu. Alikuwa na mtoto wa ndugu yake, kijana wa miaka 17, anayejifunza kazi kwake. Kijana huyo alikuwa akikohoa tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili akipumzika nyumbani kifua humwachia. Jumatatu jioni kikohozi kimerudi. Msomaji, ukiona ugonjwa unaofuata kalenda ya kazi namna hii, jua kwamba kazi yenyewe yafaa iulizwe. Tena vumbi la mbao si jambo la mzaha: tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwamba huleta saratani kwa mwanadamu, hasa saratani ya pua na mianzi yake.

Mzee alikuwa ameshauriwa anunue mashine ya kufyonza vumbi, aifunge kwenye mashine ya kuchana mbao. Bei yake ilikuwa ya kumtia deni la mwaka mzima. Je, akope? Au mashine ile haina hatia? Alitaka kujua kweli, wala si kukisia. Hapo ndipo namba ya kidude ilipokuwa na maana: ikidanganya kwa upole, mtoto ataendelea kukohoa, ikidanganya kwa ukali, mzee ataingia deni bure.

Kabla hatujaendelea na habari hiyo, tutoke Temeke kidogo, twende Tandale, upande wa Kinondoni. Hapa ni soko la nafaka. Mahindi, mchele na maharagwe hufika kwa malori kutoka mikoani, na mashine za kusaga hunguruma. Wapagazi na wasagaji wamegeuka weupe kwa unga hata kope za macho. Unga wa nafaka nao huumiza kifua cha anayeuvuta kila siku. Waokaji mikate wa nchi nyingi waliujua ugonjwa huo tangu zamani.

Lakini nimekuleta hapa utazame mizani. Mwenye duka hawezi kusema tu, "Mizani yangu ni nzuri, niamini." Wakala wa Vipimo hupita, huweka juu yake jiwe la uzito unaojulikana, huona kama mshale unasema sawa, kisha hubandika alama yake. Mwaka ukipita, mizani hupimwa tena, kwa kuwa hata mizani nzuri huchoka. Nawe unazijua kelele za lumbesa, gunia lililoshonwa na kilemba juu: mkulima huibiwa mchana kweupe kwa sababu ya kipimo kisicho cha haki. Basi, kama hatukubali mizani isiyohakikiwa ipime debe la mahindi, kwa nini tukubali kidude kisichohakikiwa kipime hewa ya kifua cha mtu?

Sasa tushike Barabara ya Bagamoyo, tupite Mwenge, tufike Kunduchi na Wazo. Huku vumbi ni jeupe. Wazo ndiko kiwanda cha kwanza cha saruji nchini kilikoanza kazi mwaka 1966, kwa kuwa kilima chake ni cha mawe ya chokaa, mabaki ya matumbawe ya bahari ya kale. Na huko Kunduchi Mtongani watu wengi, wanawake kwa wanaume, wamepata riziki kwa kugonga kokoto kwa nyundo, wameketi juani, vitambaa usoni.

Fikiri kidogo, msomaji. Umeona vumbi la namna tatu katika safari moja. La Keko ni la mti: jepesi, lina nyuzi, na sehemu kubwa ni chembe nene. La Tandale ni la nafaka. La Kunduchi ni la jiwe: zito, na jeupe. Chembe nyeupe hutawanya nuru vizuri kuliko chembe nyeusi za moshi wa dizeli, ambazo huimeza nuru. Na chembe mbili za ukubwa mmoja, moja ya mti na moja ya jiwe, hazina uzito mmoja. Lakini kidude hakijui kama kipo Keko au Kunduchi. Kinatumia kanuni ile ile kiliyopewa na mtengenezaji wake, ambaye alikijaribu kwa moshi au vumbi la maabara. Huwezi kukilaumu. Ni kama mgeni aliyefundishwa neno moja la Kiswahili akalitumia kwa kila kitu.

Tena huku pwani kuna jambo jingine. Asubuhi unyevu wa hewa hupita asilimia 80, na wakati wa masika ndiyo zaidi. Chembe nyingine, hasa za chumvi ya bahari na za moshi, hunywa unyevu huo zikavimba. Kidude huziona zimenenepa, kikapiga kelele kwamba vumbi limezidi, kumbe ni maji. Kwa hiyo kidude kilichosahihishwa wakati wa kiangazi sharti kihojiwe tena mvua zinapoanza.

Na la mwisho, ambalo wengi hawalijui: vidude hivi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa hewa ya barabarani na majumbani. Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2021 lilishauri kwamba vumbi laini kabisa hewani lisizidi mikrogramu 15 kwa meta ya ujazo kwa siku nzima. Kidude kimezoea namba za namna hiyo, na vingi huanza kulewa zikipita 500 au 1,000. Sasa mikrogramu 1,000 ni miligramu 1 tu, na katika karakana ya mbao miligramu 1 si kitu kigeni. Nchi za Umoja wa Ulaya zenyewe, tangu mwaka 2023, zimeweka kikomo cha miligramu 2 kwa vumbi la mbao ngumu kazini. Kutumia kidude hiki bila busara ni sawa na kupima gunia la mahindi kwa mizani ya sonara. Isitoshe, zile chembe nene zinazokwama puani, kidude huziona kwa shida, maana nyingi huanguka kabla hazijafika kwenye leza. Ndiyo maana kilisema hewa si mbaya, na mzee akapiga chafya.

Basi turudi Keko, tuone kijana alifanya nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama.

Kwanza alivitundika vidude vyote vitatu mahali pamoja, ubavu kwa ubavu, siku mbili nzima. Vikivuta hewa moja, vilipaswa kusema neno moja. Havikusema. Viwili vilikubaliana, lakini cha tatu kilikuwa kikipaza namba kila saa kuliko wenzake. Hapo kijana akashika kichwa, maana juma lililotangulia kile cha tatu ndicho alichokuwa amekitundika juu ya mashine ya kuchana mbao, na kwa namba zake yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuihukumu mashine. Akakihamishia mlangoni. Namba kubwa ikakifuata kidude mlangoni! Haikubaki kwenye mashine. Yule mzee alipoelezwa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nikope fedha kwa ajili ya kidude kilichopungukiwa na akili." Naam, ndivyo ilivyokuwa.

Pili, alikitia kila kidude katika hewa iliyochujwa, isiyo na vumbi, aone kama kinarudi kwenye sifuri. Mizani tupu ikionyesha nusu kilo, huanzi kupima sukari.

Tatu, na hili ndilo jiwe la mizani lenyewe, alileta pampu ndogo ya kuvaa kiunoni, yenye mpira unaopanda hadi karibu na ukosi wa shati, na mwisho wake pana kikombe chenye karatasi ya chujio. Pampu huvuta hewa kwa kiasi kinachojulikana, na vumbi hubaki katika chujio. Chujio hupimwa katika maabara kwa mizani nyepesi sana kabla ya kazi na baada ya kazi. Hapa hakuna kukisia: ni uzito wa vumbi hasa, lililochukuliwa pale pale mtu anapovutia pumzi.

Ngoja tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Pampu huvuta lita 2 kwa dakika. Kazi ni saa 8, yaani dakika 480. Basi imevuta lita 960, ambazo ni meta za ujazo 0.96. Tuseme chujio lilikuwa na miligramu 14.10 asubuhi, na jioni lina 16.98. Limeongezeka 2.88. Gawanya kwa 0.96, unapata miligramu 3.0 kwa kila meta ya ujazo. Siku hiyo hiyo kidude kilichotundikwa karibu na chujio kilionyesha wastani wa 0.5. Basi kidude kinahitaji kuzidishwa mara 6. Ukipima siku ya pili, chujio likasema 1.8 na kidude 0.3, tena ni mara 6. Moyo unaanza kutulia. Lakini siku ya tatu mashine ya kuchana ikafanya kazi kutwa: chujio lasema 4.0 na kidude 0.4. Sasa ni mara 10! Kwa nini? Kwa sababu mashine hutoa chembe nene ambazo kidude hakizioni, na msasa hutoa laini ambazo kinaziona. Fundisho lake ni hili: hakuna namba moja ya kusahihishia kazi zote. Kila kazi na namba yake, kila vumbi na namba yake, na siku moja haitoshi. Chora nukta zako katika karatasi ya miraba, chujio upande huu na kidude upande ule, uone kama zinafuata mstari au zimetawanyika kama kuku walioona kipanga. Zikitawanyika, usidanganye watu kwa mstari.

Tena chukua chujio moja la ziada, lisafiri nawe kwenda na kurudi bila kuvuta hewa. Likiongezeka uzito, ujue ni unyevu wa safari, uupunguze katika hesabu.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya wageni. Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, wataalamu wa AirQo walioanza kazi mwaka 2015 hutengeneza vihisi vya bei nafuu kwa miji ya Afrika, nao waliviweka kando ya mtambo mkubwa wa kuaminika ili kuvisahihisha. Na hapa kwetu, watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Bergen, Norwe, tangu mwanzo wa karne hii wamepima vumbi la saruji, la katani, la kahawa na la makaa ya mawe ya Kiwira, kwa pampu na machujio waliyovalishwa wafanyakazi wenyewe. Njia imekwisha kukanyagwa. Kilichobaki ni sisi kuifuata bila kuruka hatua.

Utaniuliza: kama chujio ndilo lenye kweli, kidude cha nini? Swali zuri. Chujio husema jambo moja tu jioni: jumla ya siku. Halikwambii vumbi lilikuja saa ngapi. Kidude huandika kila dakika. Chujio ni mizani, kidude ni saa. Na ndicho kilichotokea Keko.

Vidude vilipokwisha kupatanishwa, kijana alivitawanya bandani: kimoja kwenye mashine, kimoja kwenye msasa, kimoja mlangoni. Baada ya juma moja alichora mistari ya kila siku, akamwonyesha mzee. Mashine ilikuwa na vilima vyake, na msasa vya kwake. Lakini kila siku, karibu saa kumi na mbili jioni, mistari yote mitatu ilipanda pamoja kama mnazi, robo saa, kisha ikashuka.

"Saa kumi na mbili mnafanya nini, mzee?"

Mzee alifikiri. Akageuka akamtazama mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa amesimama pembeni na ufagio mkononi.

Ilikuwa kufagia! Kazi imekwisha, mafundi wakubwa wametoka nje kunawa, na mwanafunzi, kwa kuwa ndiye mdogo, amebaki peke yake ndani kufagia maranda makavu na kupuliza mashine kwa upepo wa kompresa. Vumbi lililokuwa limelala tangu asubuhi liliamka lote mara moja, likamkuta yeye.

Dawa yake haikuhitaji mkopo. Siku hizi hawapulizi tena kwa upepo. Wananyunyiza maji kidogo, wanafagia polepole milango ikiwa wazi, na mwenye kufagia huvaa barakoa nzito ya vumbi, si leso. Kazi ya msasa imehamishiwa nje, chini ya kivuli, mtu amepata upepo mgongoni. Mistari ya jioni imeshuka. Kijana amepelekwa hospitali kifua chake kitazamwe, maana kidude si daktari. Na mashine ya kufyonza mzee ameiweka katika mipango ya baadaye, kwa fedha yake, si kwa hofu.

Basi, ndugu msomaji, kama una karakana, mashine ya kusaga au kiwanda cha matofali, na mtu akakuletea kidude cha kupimia vumbi, usimfukuze wala usimwamini upesi. Muulize maneno manne. Kimepatanishwa na wenzake? Kinarudi sifuri katika hewa safi? Kimelinganishwa na chujio katika vumbi la kazi yangu mimi, si la mahali pengine? Na mara ya mwisho ilikuwa lini? Kama majibu yameandikwa katika daftari, mkaribishe. Mali bila daftari huisha bila habari, na afya ndiyo mali ya kwanza. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake; kidude cha ukutani hakiondoi wajibu huo.

Nilipokuwa nikiondoka Keko jua lilikuwa linatua, na ule mwale wa tundu la bati ulikuwa umepanda ukutani. Kijana alikuwa akinyunyiza maji sakafuni. Nilitazama ndani ya mwale. Chembe zilikuwamo bado, lakini chache, zikishuka polepole.

"Kesho mtakipima tena?" nikauliza.

"Kila mwezi," akajibu mzee. "Nacho kinazeeka, kama sisi."